Mama anakuja kutoka Mwanza: tulizunguke Ziwa Michigan kwa RV?

Swali: Tunaishi Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, mimi, mume wangu na watoto watatu, wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 12, wanaomfuata wana 8 na 5. Mama yangu mzazi anakuja kutoka Mwanza mwezi wa saba. Ana miaka 68 na goti linamsumbua. Tunataka kukodi RV, zile gari za kulala, kwa siku kumi tulizunguke Ziwa Michigan lote, tupite miji midogo na kulala kwenye hifadhi za kando ya ziwa. Hatujawahi kuendesha gari kubwa. Mume wangu anaona haya kulala chumba kimoja na mama mkwe wake, na mimi naogopa mama atadhani tumekosa nyumba. Halafu huko vijijini sisi watu weusi tunapokelewaje? Tuanzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, mama akifika mpe shikamoo yangu. Kodini hiyo RV na mchukueni bila wasiwasi, ila ziwa msilizunguke. Shikeni upande mmoja, huu wetu wa mashariki, mpige kambi mahali patatu tu kwa siku zote kumi. Nimekuwa nikitengeneza na kukagua RV huku magharibi ya jimbo la Michigan kwa miaka mingi, na familia zinazorudi zimechoka na zimenuniana karibu zote ni zile zilizopanga kulala mahali papya kila usiku.

Hesabu ya maili ndiyo inayowaponza. Barabara ya kulizunguka ziwa ni zaidi ya maili 900, kupitia Michigan, Indiana, Illinois na Wisconsin. Mtu anagawa kwa kumi, anapata maili 90 kwa siku, anasema mbona kidogo. Lakini kuhama na RV ni kuhama nyumba. Asubuhi vyombo vinafungiwa kabatini, friji inatiwa komeo, vitanda vinakunjwa, waya wa umeme unachomolewa, turubai la kivuli linarudishwa, kisha mnapanga foleni ya kumwaga maji machafu. Njiani hamwendi mwendo wa gari dogo. Mkifika, kazi ile ile inaanza upya, na watoto wanataka kuingia ziwani sasa hivi. Hapo bado hamjaipita Chicago katikati ya msongamano na gari la futi 28 mlilolizoea juzi. Mama atakuwa ameliona ziwa kwa dirishani tu.

Kwa watu sita wanaoanza, chukueni aina wanayoiita Class C: mbele ni kichwa cha vani ya kawaida, nyuma ni nyumba, na juu ya dereva kuna kitanda. Urefu wa futi 25 hadi 28 unatosha, na leseni mliyo nayo inatosha pia. Trela ya kuvuta iacheni kwa mwaka mwingine. Kurudi nyuma ukiwa na trela ni ufundi wa kujifunza taratibu, haujifunzwi mwezi wa saba kambi imejaa watu wanaotazama.

Sasa hilo la shemeji kuona haya. Silichukulii kuwa dogo, na sipendi mtu amwambie eti huku ni Marekani azoee. Ukuta wa choo ndani ya RV ni mwembamba kama mlango wa kabati. Mtu akikohoa anasikika, akigeuka kitandani gari zima linatikisika. Mkwe aliyelelewa kwa adabu hatapata usingizi, mama naye hatapata, na wote wawili watanyamaza wasiseme. Kwa hiyo panga hivi. Mama apewe chumba cha nyuma chenye mlango. Unapokodi, uliza kama kitanda hicho kinafikiwa pande zote mbili. Vingine vimebanwa kwenye kona, na anayelala ndani inabidi atambae kwa magoti, jambo ambalo mama halitaki kabisa. Wewe na mdogo mlale kwenye meza ya chakula, ambayo hushushwa ikawa kitanda. Wa miaka 8 apande juu ya dereva, na hakikisha kuna wavu au ubao wa kumzuia asidondoke. Shemeji na kijana wake wa miaka 12 wapige hema dogo kwenye kiwanja hicho hicho, hatua kumi kutoka mlangoni. Hifadhi za jimbo la Michigan huruhusu hema dogo kando ya RV. Thibitisha tu wakati wa kuweka nafasi. Mwambieni mama kwamba baba na mwanawe wameamua kulala nje kulinda kambi. Ataelewa, na hataomba maelezo zaidi.

Choo nacho kina dawa yake. Kambi hizi zina jengo la vyoo na mabafu yenye maji ya moto. Nyote mlioko sawa kwa miguu mtumie hilo. Choo cha ndani kibaki cha mama na cha mtoto mdogo usiku. Mmehifadhi heshima, na papo hapo tangi la choo halijai haraka.

Kuhusu kudhani mmekosa nyumba, mtumie picha na video kwenye WhatsApp kabla hajapanda ndege, za ndani na za nje, jiko, kitanda, bafu. Asubuhi ya kwanza kambini atajionea mwenyewe. Majirani zenu wengi watakuwa wastaafu, wazee wa umri wake, wenye RV zilizogharimu kama nyumba, wamekaa nje na vikombe vya kahawa wakitazama watoto wa watu wakipita na baiskeli. Watamsalimia. Mmoja atauliza ametoka wapi, na ukimwambia Mwanza, Ziwa Victoria, mazungumzo yatafika mchana. Watu wa Maziwa Makuu wanajua kwamba Superior ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, na wengi hawajui kwamba la pili ni la kwenu.

Kuendesha: nakushauri RV uendeshe wewe, mama akae kiti cha mbele kulia kwako. Kiti kile kiko juu, kioo ni kikubwa, goti lina nafasi, na binti anamwonyesha mama yake nchi anayoishi. Shemeji afuate na gari lenu la nyumbani, watoto wakiwa kwenye viti vyao. Sababu yangu ya kwanza ni usalama. Viti vya kwenye meza ya RV vina mikanda, lakini vingine vinatazama ubavuni, na kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kiti cha namna hiyo. Ya pili ni kwamba RV ikishaegeshwa na kuunganishwa umeme hutaki kuivua yote ili ukanunue maziwa. Gari dogo ndilo la mjini.

Siku ya kuichukua, ipelekeni kwanza kwenye uwanja mpana mtupu na ufanye mazoezi saa nzima. Jifunze mkia: sehemu iliyo nyuma ya tairi za nyuma ni ndefu, ukikata kona kulia, mkia unatoka kushoto na kugonga kilichopo. Pima urefu wa kwenda juu kwa futi za kupimia, pamoja na kiyoyozi cha paani, kisha andika kwenye karatasi na uibandike kwenye dashibodi mbele ya macho yako. RV za namna hii hufika futi 11 au 12. Paa la duka la kununulia chakula kwa dirishani halitakusamehe. Gari ninazoletewa zikiwa zimeumia, nyingi hazikuumia barabara kuu. Zimeumia kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona ya nyuma au juu ya paa, mtu akiingia kiwanjani jioni ana haraka ya kupumzika. Unaporudi nyuma, shemeji asimame nyuma upande wako wa kushoto. Usipomwona kwenye kioo, simama hapo hapo, hata kama kuna gari tatu zinasubiri. Zitasubiri.

Umeme wa kiwanja kwa kawaida ni wa ampea 30, na hizo ni kama wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi kikiwaka, ukaongeza birika la umeme na maikrowevu, breka inaruka. Chai chemshieni kwenye gesi. Na kabla ya kuchomeka, zima breka ya kwenye nguzo, chomeka, ndipo uwashe.

Tangi la choo nitalieleza kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu safari yangu ya kwanza. RV ina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Viwanja vingi vya hifadhi za jimbo vina umeme tu. Havina bomba la maji wala la majitaka, hivyo mnajaza maji safi mkiingia na mnamwaga machafu mkitoka. Mimi niliacha koki ya tangi la choo wazi siku zote kwenye kambi yenye bomba la majitaka, nikidhani narahisisha kazi. Maji yakateremka, kigumu kikabaki, kikaganda na kuwa kichuguu ndani ya tangi. Nilitumia mchana mzima kukilainisha huku familia ikinisubiri juani.

Fanyeni hivi. Mkianza, mimina galoni kama tatu za maji chooni pamoja na dawa yake, ili chini ya tangi pasiwe pakavu. Tumieni karatasi laini inayoyeyuka, ile iliyoandikwa kuwa ni ya RV. Koki ikae imefungwa mpaka tangi lifike kama theluthi mbili. Kwenye kituo cha kumwagia, vaa glovu. Unganisha mpira kwenye gari kwanza, ukaze mpaka usikie meno yameshika, kisha ingiza ncha ya pili kwenye shimo na uweke jiwe au mguu wa mtu juu yake usiruke. Ukipata kiungio cha plastiki inayopitisha mwanga, nunua. Unaona kinachopita na unajua lini kimeisha. Fungua koki ya choo kwanza, kwa mkupuo mmoja, usiifungue nusu. Sikiliza. Sauti itakuwa nzito, kisha itakuwa nyepesi, kisha matone. Ifunge, ndipo ufungue ile ya sinki na bafu, ili maji ya sabuni yasukutue mpira. Inua mpira kuanzia kwenye gari kuelekea shimoni yaishe yote. Dakika kumi na tano na kazi imekwisha. Bomba la maji la kituo hicho, lile la kusuuzia, lisiguse kamwe mpira wenu wa maji ya kunywa, na mipira hiyo miwili isikae kwenye boksi moja.

Njia ninayowapa ni ya maili kama 550 pamoja na kurudi. RV hula galoni moja kwa maili nane au tisa, kwa hiyo pangeni galoni 70 hadi 80 za petroli ukiweka na mizunguko midogo.

Siku ya kwanza msikimbilie ziwa kubwa. Shikeni barabara ya M-37 kaskazini mpaka Baldwin, kisha maili chache mashariki mpaka Idlewild. Hapa ndipo nataka kujibu swali lako la watu weusi. Mwaka 1912 watu wa biashara ya ardhi walianza kuuza viwanja vidogo kando ya ziwa dogo la hapo Idlewild kwa Wamarekani weusi, wakati ambapo hoteli na fukwe nyingi za nchi hii ziliwafungia mlango. Daktari Daniel Hale Williams, aliyejulikana kwa upasuaji wa kifua na moyo tangu karne ya 19, alinunua ardhi hapo na ndipo alipofia mwaka 1931. W. E. B. Du Bois, mwandishi na mpigania haki za watu weusi, naye alikuwa na kiwanja. Louis Armstrong alipiga tarumbeta yake hapo. Familia zilikuja kutoka Chicago na Detroit kufanya kile kile mnachotaka kufanya ninyi: watoto waogelee, wazee wakae kivulini, mtu asiwaulize mnafanya nini hapa. Baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kufungua milango ya kwingine, wageni wakapungua, na leo ni pakimya, nyumba ndogo chini ya miti. Mteremshe mama pale kando ya maji na umsimulie. Wapwa zangu nao wasikie. Wajue kwamba kambi ya ziwani Michigan ni yao pia, haikuanza na mzungu kuwakaribisha.

Leo hali ikoje? Niseme nilichokiona. Kambini watu wana adabu. Wanasalimia, wanasaidia kuelekeza gari, wanaleta kuni zilizobaki wanapoondoka. Kwenye duka la kijiji nimewahi kutazamwa kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Utaona na bendera usizozipenda nje ya nyumba chache. Ninachofanya ni kulala kwenye kambi za jimbo au za manispaa zenye ofisi na walinzi, kufika kabla ya giza, na kuwa na karatasi ya nafasi yangu mkononi. Nimelala hivyo miaka yote na wanangu.

Kutoka Idlewild ni kama maili 40 kwenda magharibi mpaka Ludington, na hapo mkae usiku nne. Hifadhi ya Ludington iko katikati ya Ziwa Michigan na Ziwa Hamlin, na mto Big Sable unayaunganisha. Kwa familia yenye mzee na mtoto wa miaka mitano sijaona mahali pazuri zaidi. Hamlin maji yake ni ya uvuguvugu na yametulia. Mto ni wa kina kifupi, na watoto hukaa juu ya mipira ya matairi wakateremka nao taratibu mpaka karibu na ziwa kubwa, kisha wanarudi kwa miguu na kuanza tena, siku nzima. Mama ataukumbuka mchezo huo. Kando ya mto kuna njia ya lami anayoweza kutembea bila kupanda kilima. Mnara wa taa wa Big Sable Point, wa mwaka 1867, uko karibu maili mbili ndani ya mchanga. Shemeji awapeleke watoto wakubwa, mama abaki.

Mjini Ludington kuna meli iitwayo Badger, iliyoshushwa majini mwaka 1952 na bado inaendeshwa kwa makaa ya mawe. Huvuka kwenda Manitowoc, Wisconsin, maili 60, kwa saa kama nne, na hubeba hata RV. Nendeni jioni gatini mkaitazame inavyoingia. Lakini msimkatie mama tiketi kwa kumshtukiza. Mtu wa Mwanza wa umri wake anakumbuka MV Bukoba ilivyozama, Mei 1996, na huenda alizika mtu. Akitaka kupanda atasema mwenyewe.

Siku ya tano ndiyo ndefu, kama maili 160 mpaka Petoskey kupitia Empire na Traverse City. Ondokeni mapema, msimame kwenye vilima vya mchanga vya Sleeping Bear, ambavyo ni hifadhi ya taifa tangu 1970. Waanishinaabe, wenyeji wa nchi hii, husimulia kuwa dubu jike na watoto wake wawili waliukimbia moto Wisconsin wakavuka ziwa kwa kuogelea. Mama akafika, akapanda juu kuwasubiri. Watoto walizama karibu na pwani, wakawa visiwa viwili vya Manitou vinavyoonekana pale mbele, naye mama ndiye kilima kinachowasubiri hadi leo. Mpe bibi kazi ya kuwasimulia wajukuu, kwa Kiswahili, mkiwa mnavitazama. Kuna mteremko mmoja wa mchanga unaoshuka kama futi 450 hadi ziwani. Kushuka ni dakika chache, kupanda kumewashinda watu wazima wengi wenye nguvu. Kijana wa miaka 12 atataka. Mkatazeni, ana kilima kingine, Dune Climb, kilichotengwa kwa ajili hiyo.

Petoskey usiku tatu. Kambi ya manispaa, Magnus Park, iko ukingoni mwa ghuba na mjini mnafika upesi. Ufukweni mtatafuta jiwe la Petoskey: ni matumbawe ya kale, ya miaka zaidi ya milioni 350, wakati nchi hii ilipokuwa chini ya bahari ya joto. Likiwa kavu ni kijiwe cha kijivu tu. Lichovye majini, pembe sita sita zinajitokeza kama sega la nyuki. Sheria inaruhusu ratili 25 kwa mtu kwa mwaka, kwa hiyo mifuko ya mdogo wenu ikagueni. Barabara ya M-119 kuelekea Cross Village, ile yenye miti iliyofunika juu, ni nzuri mno na ni nyembamba mno. Pitieni na gari dogo.

Usiku mbili za mwisho mlale Wilderness State Park, karibu na Mackinaw City. Daraja la Mackinac, lililofunguliwa 1957 na lenye urefu wa karibu maili tano, litazameni kutoka nchi kavu. Hamna sababu ya kulivuka na RV mliyoikodi, na upepo ukizidi magari marefu huzuiwa au husindikizwa. Pandeni boti ya muda mfupi kwenda kisiwa cha Mackinac. Magari yalipigwa marufuku huko mwaka 1898, na mpaka sasa ni farasi na baiskeli. Mama apande gari la farasi. Usiku, kama mbingu ni safi, nendeni Headlands, hifadhi ya giza tangu 2011, mzione nyota. Chukueni blanketi nzito; mwezi wa saba huku usiku unaweza kuwa baridi ambayo Mwanza haijui. Na mwambie mama mapema kwamba jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, si saa moja kama kwao, la sivyo chakula cha jioni na usingizi wa watoto vitavurugika siku ya kwanza tu. Saa nne usiku kambi zinatakiwa kuwa kimya.

Kuhusu maji sina utani. Watu waliokulia ziwani wanaingia majini kwa kujiamini, na Ziwa Michigan halina mamba wala kichocho. Lina kitu kingine. Upepo ukivuma mawimbi yanakuja yamefuatana, karibu karibu, hayakupi nafasi ya kuvuta pumzi, na kuna mkondo unaokuvuta kwenda nje, hasa kando ya magati. Fukwe za hifadhi za jimbo hazina waokoaji. Kuna bendera: kijani, njano, nyekundu, na nyekundu mbili ambazo maana yake ni marufuku kuingia. Ikiwa nyekundu, nendeni Hamlin au mkae mchangani. Hakuna mtoto kutembea juu ya gati mawimbi yakipiga, hata akishikwa mkono. Mkondo ukimbeba mtu, asishindane nao kurudi moja kwa moja. Alale chali aelee, kisha aogelee sambamba na ufukwe mpaka utakapomwachia. Wafundisheni watoto maneno hayo wakiwa nchi kavu, na maboya ya kuvaa yawe ya kwao, ya saizi yao.

Nafasi: hifadhi za jimbo hufungua miezi sita kabla ya tarehe ya kufika, na viwanja vya Julai huchukuliwa asubuhi ile ile. Mkikosa, angalieni kila siku waliofuta, na pangeni Jumapili hadi Alhamisi. Msidharau kambi za manispaa na za kaunti kama hiyo ya Petoskey au Barnes Park ya Eastport. Mara nyingi ndizo zilizo karibu zaidi na maji, na ndizo zinazowakutanisha na watu wa mji. Magari yote mawili yanahitaji kibali cha hifadhi. Kwenye gari la Michigan tazama herufi P kwenye kibandiko cha namba. RV ya kukodi isipokuwa nayo, mtalipia mlangoni.

Jikoni, dagaa na samaki wa kukaanga visipikwe ndani, harufu hukaa kwenye magodoro na mwenye gari atawatoza. Pikieni nje, kwenye meza. Kila kiwanja kina duara la chuma la moto, na mama akiliona atajua la kufanya. Kuni zinunuliwe pale pale, msibebe za nyumbani: mdudu anayeua miti ya ash aligunduliwa jimboni hapa mwaka 2002, ameshaua miti kwa mamilioni, na husafiri ndani ya kuni za watu. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata mvua ikinyesha, na siku ya kuchukua RV bonyeza kitufe cha king'ora cha hewa ya sumu na cha gesi mbele ya mwenye gari usikie vinalia. Barabarani mtakuta vibanda vya wakulima visivyo na muuzaji, kuna cherry, mahindi mabichi na kopo la kuwekea pesa. Mahindi ya huku ni laini na matamu, yanaiva upesi kuliko ya kwetu. Mama akiyaacha motoni kwa muda aliouzoea yatakuwa makaa. Jaribuni na samaki wa moshi wanaoitwa whitefish. Sato si huyu, lakini kwa ugali wa moto anakwenda.

Turubai la kivuli lirudisheni kila mnapoondoka kiwanjani na kila mnapolala, hata kama hewa imetulia. Upepo wa ziwa huja usiku wa manane bila kubisha hodi.

Siku ya kumi ni maili 240 kurudi nyumbani. Mwageni matangi Wilderness kabla ya saa mbili asubuhi, kabla foleni haijaanza, fagieni mchanga, jazeni petroli mkikaribia mjini, na upige video ya gari zima ndani na nje kama uliyopiga siku ya kuichukua. Kiti cha mama, nunua chenye mikono migumu ya kujiinulia na kisicho chini sana, kwa ajili ya goti. Hicho kikunje mwisho.